Mrututu, ligandi na kuvu: niliyojifunza kati ya Soni na maabara ya Tanga

Mrututu si mgeni kwa mkulima yeyote wa kahawa au nyanya katika milima ya Usambara. Ni chenga za buluu iliyokolea, yaani salfeti ya shaba, na mimi nilijifunza kuuchanganya na chokaa shambani kwa mjomba wangu huko Soni miaka mingi kabla sijaanza kusoma kemia. Utaratibu wake haukuwa na mzaha. Kilo moja ya mrututu huloweshwa usiku kucha katika ndoo ya plastiki, kilo moja ya chokaa huchanganywa na maji katika pipa, kisha mrututu ndio unaomiminwa taratibu kwenye chokaa huku mtu akikoroga kwa mti, na maji huongezwa hadi zitimie lita 100. Ndoo ya bati hairuhusiwi kabisa. Kabla ya kujaza bomba la mgongoni, mjomba alisugua msumari kwa msasa mpaka ung'ae, akauchovya katika mchanganyiko kwa muda mfupi, akautoa na kuutazama juani. Ukitoka na utando mwekundu wa shaba, chokaa haijatosha na dawa itaunguza majani. Ukitoka mweupe vilevile, kazi inaanza.

Nilipofika darasani ndipo nilipoelewa kwamba msumari ule ulikuwa kipimo halali cha kemia. Chuma kina nguvu kuliko shaba ya kuachia elektroni, kwa hiyo ioni za shaba zilizobaki huru ndani ya maji huzipokea na kuganda juu ya msumari kama metali. Chokaa ikitosha, shaba yote hufungwa katika mashapo ya buluu yasiyoyeyuka na msumari haupati kitu. Mchanganyiko huo ni wa Kifaransa. Pierre-Marie-Alexis Millardet, profesa wa Bordeaux, aliona mwaka 1882 kwamba mizabibu ya kando ya barabara huko Médoc, ambayo wenyewe waliinyunyizia shaba na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu, ilibaki na majani yake wakati mingine ilipukutika kwa ugonjwa. Alitangaza matokeo ya majaribio yake mwaka 1885. Wenye michungwa ya Muheza iliyo karibu na barabara wanaweza kumwelewa yule Mfaransa kwa pande zote mbili, ya wizi na ya ukungu.

Swali lililonisumbua, na ambalo ndilo lililonivuta hadi kwenye kazi ninayoifanya sasa, ni hili: ikiwa shaba imefungwa katika mashapo yasiyoyeyuka, inaingiaje ndani ya kuvu na kuiua? Mvua yenyewe haiyeyushi kiasi cha kutosha. Jibu ni kwamba jani na mbegu ya kuvu inayojiandaa kuota hutoa majimaji yenye asidi za kikaboni, kama asidi ya maliki, pamoja na asidi amino, na molekuli hizo huing'oa shaba kutoka kwenye mashapo kwa kuikamata pande mbili au zaidi kwa wakati mmoja. Hapo shaba huyeyuka na kuingia. Mbegu ya kuvu, kwa kutafuta chakula, hujitengenezea yenyewe ile kampaundi tunayoiita kompleksi: ioni ya metali katikati, na molekuli za kikaboni, yaani ligandi, zikiwa zimeishika kutoka pembeni. Tangu nilipolielewa jambo hilo sijaweza tena kuzungumzia shaba kama muuaji anayefanya kazi peke yake.

Nafundisha kemia katika chuo kimoja mjini Tanga, na kwa muda sasa wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho hutengeneza kompleksi za metali za mpito, kama shaba, nikeli na kobalti, na kuzijaribu dhidi ya kuvu. Ligandi tunayoanza nayo ni ile iitwayo saleni, kwa sababu malighafi zake hupatikana na matokeo yake huonekana kwa macho. Huhitaji kifaa cha gharama kujua kwamba jambo limetokea. Salisilaldehidi, kimiminika chenye harufu ya lozi chungu, huyeyushwa katika ethanoli yenye moto, kisha ethilinidiamini hudondoshwa kwa pipeti, nusu ya idadi ya moli, yaani kipimo cha wanakemia cha kuhesabu molekuli. Haimaliziki hata dakika: chupa nzima hujaa magamba ya manjano makali, yanayometameta mtu akiitikisa chupa kwenye mwanga wa dirishani. Hii ni mojawapo ya besi za Schiff, kundi la kampaundi lililopewa jina la Hugo Schiff aliyelieleza mwaka 1864. Magamba huchujwa, huoshwa kwa ethanoli baridi na kukaushwa.

Kisha zinakuja metali. Ukiyeyusha magamba yale tena na kuyatia asetati ya shaba, rangi ya manjano hupotea na mashapo ya kijani kilichokoza hutulia chini. Ukitumia nikeli unapata rangi ya chungwa inayoelekea kwenye wekundu wa tofali. Kobalti hutoa kahawia, nayo ina tabia ya kunyakua oksijeni hewani, hivyo rangi yake huzidi kukolea ukiiacha wazi. Wanafunzi hupenda sana hatua hii, na mimi pia sijaichoka. Kuthibitisha kwamba ligandi imeshika kweli hutupasa kupeleka sampuli Dar es Salaam kupimwa kwa mionzi ya infraredi, ambako mstari wa kifungo cha kaboni na nitrojeni, ulio karibu na mawimbi 1635 kwa sentimita kwa ligandi tupu, husogea chini kidogo baada ya nitrojeni kuishika metali.

Ugumu huanza kwenye sahani za agari, ile jeli ya kuoteshea kuvu. Kuvu tunayoitumia zaidi ni Aspergillus niger, ile nyeusi inayoota kwenye vitunguu vilivyokaa sana ghalani. Niliichagua kwa sababu mkoa huu unaifahamu kwa hasara: ndiyo inayosababisha ugonjwa wa kuozesha shina la mkonge, ikipenya kupitia makovu ya majani yaliyokatwa. Mwanafunzi huweka tone la kompleksi katika kishimo, na baada ya siku chache akiona duara tupu lisilo na kuvu, huja mbio ofisini. Duara hilo ni jambo la kufurahisha, ila kwa macho yangu bado halijasema kitu. Kitu cha kwanza ninachomwuliza ni duara la chumvi ya shaba yenyewe, kama ile asetati, la ligandi peke yake, na la kiyeyushi kitupu lilikuwaje katika sahani ileile.

Ninalisisitiza hilo kwa sababu nimeona mara nyingi chumvi ya kawaida ya shaba ikifanya karibu sawa na kompleksi iliyotengenezwa kwa wiki nzima, na nimeona pia makala zilizochapishwa ambazo hazikuwa na kipimo cha chumvi hata kimoja. Ulinganisho wenyewe hautakiwi kufanywa kwa miligramu. Moli moja ya kompleksi ya shaba na saleni ina uzito wa gramu 330 hivi, wakati moli moja ya asetati ya shaba yenye maji yake ina gramu 200 hivi. Maana yake ni kwamba miligramu kumi za asetati zinabeba shaba mara moja na nusu na zaidi ya ile iliyomo katika miligramu kumi za kompleksi. Anayelinganisha kwa mizani anaionea kompleksi, na anayeisahau chumvi anaipendelea. Njia ya haki ni kuhesabu moli za shaba zilizotiwa katika kila kishimo.

Duara lenyewe nalo lina ujanja wake. Kompleksi isiyo na chaji na inayopenda mafuta husambaa kwa shida ndani ya agari, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, kwa hiyo dawa kali inaweza kutoa duara dogo na dawa dhaifu inayosambaa vizuri ikatoa kubwa. Zaidi ya hayo, agari ya Sabouraud ina peptoni, na peptoni imejaa asidi amino ambazo, kama tulivyoona kwenye jani la kahawa, huikamata shaba. Chakula cha kuvu kinashindana na kuvu yenyewe kuipata dawa. Ndiyo sababu namba tunayoiamini zaidi ni kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia ukuaji katika kimiminika, si upana wa duara.

Kuna mtego mwingine ambao ningependa kila anayeanza kazi hii auepuke, nao ni dawa ya kulinganishia. Katika ripoti nyingi utakuta flukonazoli imewekwa kando ya kompleksi dhidi ya Aspergillus, na mwandishi anashangilia kwamba kampaundi yake imeishinda dawa ya hospitalini. Flukonazoli ni dawa nzuri dhidi ya Candida albicans, ile inayoleta utando mweupe mdomoni kwa watoto na kwa watu wenye kinga dhaifu, lakini dhidi ya Aspergillus haina nguvu ya maana. Kumshinda asiyekuwa uwanjani si ushindi. Kwa Aspergillus tunaweka vorikonazoli au amfoterisini B, na tukizikosa, tunasema hivyo kwenye ripoti.

Tanga pia ina mchango wake, kwa maana ya unyevu. Kompleksi nyingi hazikubali maji, kwa hiyo tunaziyeyusha katika dimethili salfoksidi, kiyeyushi kinachofyonza unyevu wa hewani kwa pupa. Chupa iliyoachwa bila kifuniko vizuri msimu wa masika huongezeka maji bila mtu kugusa. Na kiyeyushi hiki si mtazamaji tu. Oksijeni yake na salfa yake zinaweza kuishika metali na kuisukuma ligandi nje, na kwa baadhi ya kompleksi tunaliona hilo kwa macho, rangi ikibadilika katika chupa iliyowekwa kabatini tangu wiki iliyopita. Kilichotiwa kwenye sahani siku hiyo si tena kilichoandikwa kwenye lebo. Sasa tunayeyusha asubuhi ya jaribio, na kinachobaki hakitumiki kesho yake.

Maelezo yanayonukuliwa karibu kila mahali kuhusu sababu ya kompleksi kuzidi ligandi ni nadharia ya Tweedy ya mwaka 1964. Inasema kwamba ioni ya metali ikishikwa na ligandi, sehemu ya chaji yake chanya hugawanywa kwa atomu zinazoishika, na kompleksi nzima hupungua mvuto wa maji na kuongeza mvuto wa mafuta. Ioni inakuwa kama mtu aliyejitanda baibui, ikapita katika utando wa seli ambao ioni iliyo wazi isingepita kirahisi. Sina ugomvi na nadharia hiyo. Ninacholalamikia ni kwamba imekuwa aya ya kubandika mwishoni mwa kila tasnifu, kana kwamba mtu amepima alichokisema, ilhali hakupima hata mgawanyo wa kampaundi kati ya maji na oktanoli, kimiminika kinachowakilisha mafuta, jambo linalowezekana hata katika chuo chenye vifaa vichache kama chetu.

Metali yenyewe inachaguliwaje? Hapa mfuatano wa Irving na Williams unasaidia kuliko maelezo mengi: kwa ligandi nyingi, uthabiti wa kompleksi hupanda kutoka manganizi kwenda chuma, kobalti, nikeli hadi shaba, kisha hushuka kwenye zinki. Shaba ikiingia ndani ya seli inaweza kuzisukuma metali nyingine kutoka mahali pake, na vimeng'enya vyenye vishada vya chuma na salfa huwa miongoni mwa vya kwanza kuharibika. Mfano ninaoupenda kuutoa ni wa shampuu za mba. Kwa miaka mingi nyingi zilikuwa na zinki pirithioni, kompleksi dhidi ya Malassezia, kuvu anayehusika na mba ya kichwani. Utafiti kwenye hamira ulionyesha kwamba pirithioni huiingiza shaba ndani ya seli, shaba iliyokuwepo tayari katika mazingira yake. Lebo inasema zinki, na kazi inafanywa na shaba. Umoja wa Ulaya uliizuia pirithioni hiyo katika vipodozi mwaka 2022 kwa sababu za usalama, lakini somo lake la kemia linabaki palepale.

Upande mwingine wa jambo hili niliuona shambani. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, nyanya za mjomba zilipatwa na baka jani chelewa, madoa ya rangi ya maji machafu yanayotanuka kwa usiku mmoja na kuacha utando mweupe chini ya jani. Duka moja la pembejeo lilimuuzia dawa yenye tebukonazoli na kumhakikishia kwamba ni kali kuliko zote. Alipulizia kwa uaminifu, na shamba likaendelea kuoza. Akanipigia simu.

"Mjomba, wewe si ndiye msomi wa dawa za ukungu? Hii imekuwaje?"

Ilikuwa hivi. Dawa za kundi la azoli, zikiwemo tebukonazoli na flukonazoli, ni ligandi zisizo na metali. Metali zinaikuta ndani ya kuvu. Nitrojeni yake moja huishika atomu ya chuma iliyo katikati ya kimeng'enya ambacho kuvu hukitumia kutengeneza ergosteroli, mafuta muhimu ya utando wa seli yake. Chuma kikishikwa, kimeng'enya hakifanyi kazi. Kompleksi inatengenezwa ndani ya kuvu yenyewe, tuseme. Lakini Phytophthora infestans, msababishi wa baka jani chelewa, si kuvu wa kweli. Ana undugu wa karibu zaidi na baadhi ya mwani kuliko na kuvu, na hatengenezi ergosteroli. Ligandi ilifika na haikukuta chuma cha kukishika. Mrututu na chokaa ungemsaidia mjomba kwa gharama ndogo, hasa kama ungepuliziwa kabla ya madoa, kwa sababu shaba haichagui kimeng'enya kimoja. Vivyo hivyo mankozebu, ambayo wakulima wengi wa Lushoto wanaijua bila kujua kwamba nayo ni kompleksi ya metali ya mpito: manganizi kwa takriban asilimia 20, zinki kidogo, na ligandi yenye salfa.

Kuhusu mankozebu nilimweleza mjomba jambo la pili, ambalo hakulipenda. Dawa hiyo huvunjika na kutoa kampaundi inayodhuru tezi ya shingo, na Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoirudishia kibali. Inaendelea kutumika katika nchi nyingi, kwa hiyo anayeitumia azihesabu kwa makini siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Shaba nayo haiozi. Ikishuka udongoni inabaki, na ndiyo sababu Ulaya imeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka saba.

Hilo la sumu, ninalizungumza na wanafunzi kabla hawajagusa chupa, na mfano ninaoutumia ni wa kliokwinoli. Hiyo ni ligandi ya jamii ya 8-hidroksikwinolini, inayoshika chuma, shaba na zinki kwa nguvu, na katika krimu ya ngozi imetibu fangasi kwa miaka mingi. Huko Japani ilitumika pia kama vidonge vya kuhara. Watu wapatao 10,000 walipatwa na ganzi ya miguu, wengine wakapofuka, na sababu haikujulikana mpaka madaktari walipofuatilia kitu cha ajabu: baadhi ya wagonjwa walikuwa na ulimi wa kijani na mkojo wa kijani. Rangi ile ilikuwa kompleksi ya chuma na kliokwinoli. Mwaka 1970 Japani ilisimamisha uuzaji wake. Seli ya kuvu na seli ya binadamu zina mengi yanayofanana, kuliko ilivyo kwa bakteria, na ligandi inayopita katika utando wa mafuta wa kuvu haina sababu ya kusita mbele ya utando wetu. Kwa hiyo kipimo cha sumu kwa seli za binadamu, au walau cha kupasuka kwa seli nyekundu za damu, ni nusu ya kazi. Bila nusu hiyo tuna rangi nzuri tu kwenye chupa.

Haja ya dawa mpya ipo. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu hatari zinazohitaji kupewa kipaumbele, zikiwa 19, na makundi ya dawa tunazozitegemea kwa maambukizi ya ndani ya mwili ni machache mno. Kompleksi za metali zina umbo na tabia ambazo molekuli za kaboni peke yake hazina, na ninaamini baadhi yake zitafika mbali. Siamini kwamba zitatoka kwenye sahani zetu za Tanga moja kwa moja hadi dukani.

Mjomba alipokuja mjini kwa shughuli za familia, nilimpitisha maabara. Alizitazama chupa zilizopangwa dirishani, ya njano, ya kijani, ya tofali na ya kahawia, akauliza ipi angeweza kuondoka nayo kwa ajili ya nyanya. Nikamwambia ya tofali ina nikeli, na baadhi ya kampaundi za nikeli zinajulikana kusababisha saratani. Ya kahawia ina kobalti, nayo si kitu cha kumwaga shambani. Ya kijani inazuia kuvu, lakini haijasajiliwa na mamlaka yoyote, haijapimwa kwenye udongo wala kwenye mboga, na kwa moli za shaba zilizomo humo, mrututu wake wa Soni ungemfanyia kazi ileile kwa sehemu ndogo ya bei.

"Basi nipe hii ya njano isiyo na metali," alisema.

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo ambayo hata kwenye sahani kuvu iliota juu yake bila wasiwasi.